Kiti cha Mbele cha Landrova

Jumamosi, mwezi wa tano. Manyunyu tangu alfajiri, yale ya kwetu juu ambayo hayakulowanishi mara moja ila yanakukalia kwenye nywele kama unga, na mlima haukujitokeza kabisa. Leo tumemteremsha baba kutoka Nkoaranga kwenda kukaa kwa dada Elineema, Elerai, mjini, kwa sababu miguu yake haiziwezi tena njia za kwetu za kupanda na kushuka, na kifua nacho hakimpi usingizi.

Tumemchukua kwa gari la dada, V8 nyeupe. Gari ni la dada na aliyeendesha ni dada. Mimi nilikaa nyuma na koti la baba magotini, maana alilivua akisema mle ndani kuna joto kama jikoni. Koti hilo ndilo lililoniponza. Lilikuwa linanuka petroli. Sijui kama ni kweli. Gari lake baba aliliuza zamani sana na koti limefuliwa mara nyingi mno, kwa hiyo labda lilinuka moshi wa kuni na mvua tu, na pua yangu ikaongeza mengine. Lakini nililiinamia nikavuta pumzi, na pale pale nikawa mtoto nyuma ya landrova, nimekaa juu ya mikungu ya ndizi, roho inaniuma kwa wivu.

Kabla sijaendelea niseme haki ya lile gari la dada, nisije nikaonekana nalisema vibaya kwa sababu si langu. Ni gari zuri. Kiti cha mbele kinalala nyuma kwa kubonyeza, na baba alilala akapumua vizuri kuliko nilivyomwona mwezi mzima. Lile gari lake la zamani lingemtikisa kwenye ile njia mpaka mifupa iombe msamaha. Najua hivyo. Na bado tulipokuwa tunatoka pale nyumbani nilimtazama dada ameshika usukani kwa mkono mmoja, pete inang'aa, nikajisikia kama niko darasa la tatu.

Hata baba mwenyewe halikumkaa vizuri mwanzoni. Alipofungwa mkanda, dada akabonyeza kitufe. Baba akasubiri. Dada naye akasubiri, akidhani baba anaomba Mungu kabla ya safari.

"Washa basi, mama," baba akasema.

"Limeshawaka, baba."

"Limeshawaka?" Akaweka kiganja juu ya dashibodi, kama mtu anayepima homa. "Mbona halijasema kitu?"

"Haya ya siku hizi hayapigi kelele, baba."

"Na likiumwa litakuambiaje?"

"Linaandika hapa mbele, kwenye kioo."

"Mh," baba akasema. "Mgonjwa anayeandika barua."

Landrova ya baba ilikuwa inasema. Ilikuwa ya kijani iliyochoka, bati lake limekwaruzwa na matawi ya mibuni pande zote mbili, nyuma ina turubai lililoshonwa na baba mwenyewe kwa sindano ya magunia. Aliinunua ikiwa chakavu kutoka kwenye shamba moja la kahawa lililokuwa linafungwa, na watu wa kwetu walisema amenunua jeneza. Akalala chini yake majuma na majuma. Mimi nilikuwa mdogo, nilichokuwa nakiona ni viatu vyake tu vimechomoza, na mama anapita na kusema, "Ukimtafuta baba yako, salimia vile viatu." Siku ilipowaka, kuku wote wa pale nyumbani walipanda juu ya miti.

Kando ya gia kubwa kulikuwa na vijiti viwili vifupi vya kuongeza nguvu ya magurudumu, kimoja kina kichwa chekundu na kingine cha njano. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua ikinyesha udongo unakuwa kama sabuni, baba alikuwa anasimama kabisa, anavuta chekundu, na gari linabadilisha sauti. Linakuwa na sauti nzito ya mzee anayepanda ngazi huku akihesabu. Halafu tunapanda. Taratibu mno, unaweza kushuka ukachuma maua ukapanda tena, lakini tunapanda, na wale wenye pikapu zao mpya wameegesha chini kwenye lami wanatutazama. Kwenye V8 ya dada ile kazi inafanywa na kirungu kidogo cha kuzungusha. Leo kwenye utelezi alikizungusha huku anaongea na simu. Hatukuteleza hata kidogo. Sikufurahi, na sijui kwa nini mtu asifurahi kwa kutoteleza.

Sasa nije kwenye kiti.

Landrova ilikuwa na kiti cha mbele upande wa kushoto kwa baba, na kile kiti kilikuwa na sheria. Sheria haikuandikwa popote, lakini kule kwetu kila mtu aliijua. Kilikuwa ni cha mgonjwa, cha mama mwenye uchungu, na cha bibi harusi. Wengine wote nyuma, hata mama yangu, hata mwinjilisti akiwa mzima wa afya. Kama hakuna mgonjwa wala mjamzito wala bibi harusi, kiti kilikwenda kitupu, na sisi tumebanana nyuma na ndizi, tumeshika chuma. Baba alisema kiti kikizoea watu wazima wa afya, siku mgonjwa akija kutakuwa na mtu wa kumwondoa, na kumwondoa mtu kwenye kiti ni ugomvi.

Mimi nilielewa tofauti. Nilielewa kwamba baba ana watu anaowapenda, na hao ndio anaowakalisha mbele. Sasa ukimweka mtoto nyuma kila siku, juu ya mikungu, utomvu wa ndizi unamdondokea kwenye gauni na ule haufuliki milele, na ukamwona baba yake anamfungulia mlango mke wa jirani, anamshika mkono, anamwambia polepole mama, polepole, huyo mtoto atafikiri nini? Nilikuwa nawaonea wivu wagonjwa. Naandika hivi na naona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mzee mmoja wa kule juu aliyekuwa na ugonjwa wa maji tumboni alipandishwa mbele mara kwa mara, nami nikawa namchukia kama anavyochukiwa mtoto anayependwa na mwalimu. Mama mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu siku ya mvua, akapakiwa mbele, na njia nzima alikuwa analia na kupiga mlango kwa kiganja. Mimi nikiwa nyuma nilimwambia rafiki yangu, "Unamsikia? Amepewa kiti na bado anadeka."

Ikabidi na mimi niumwe. Nilichagua tumbo, kwa sababu halionekani. Nilijikunja uani asubuhi baba akiwa anajaza maji kwenye rejeta, nikalia vya kutosha.

"Una nini?" mama akauliza.

"Tumbo, mama. Naona nipelekwe hospitali. Na gari."

Mama akanitazama, akamtazama baba, akatazama kiti kitupu. Nadhani alielewa papo hapo, lakini uso wake hukuweza kuusoma.

"Pole mwanangu. Hospitali si ile pale? Bati lake tunaliona. Vaa kandambili, tutatembea. Kutembea kunalainisha tumbo."

"Siwezi kutembea."

"Basi kunywa hii kwanza." Akaniletea majani ya mti mchungu aliyoyachemsha, kikombe cha bati kizima, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza. Baba akawasha gari akaondoka na kiti chake kitupu. Nilipona kabla hajafika kona.

Halafu ikaja harusi ya dada.

Dada Elineema ni mkubwa kwangu kwa mbali, katikati yetu walikufa wawili, kwa hiyo yeye alipoolewa mimi nilikuwa bado navaa kaptula chini ya sketi ya shule. Bwana harusi alitokea upande wa mjini. Walikuja na magari mawili madogo ya kuazima, yakaishia chini kwenye kanisa kwa sababu ya tope, wakapanda kwa miguu na suti zao wamekunja suruali, na wanawake wa kwetu wakawapokea kwa vigelegele vya kuwacheka. Kumtoa bibi harusi nyumbani ikabaki kazi ya landrova.

Kwa wanaojua mambo ya kwetu sihitaji kueleza, lakini nitaeleza. Bibi harusi hatoki mbio. Anatolewa amefunikwa kitenge, shangazi huku na shangazi kule, anapiga hatua moja anarudi nusu. Anafunguliwa mlango wa gari, anaweka mguu, anautoa. Analia, na kama machozi hayaji ainame tu. Akishakaa, dereva anawasha gari, na gari linagoma. Lazima ligome. Dereva anashuka anafungua boneti, anatikisa kichwa, anawaambia upande wa bwana harusi kwamba hili gari limemlea huyu binti, halikubali aondoke hivi hivi. Wale wanatoa kitu, vitenge kwa mashangazi au kreti la soda, gari linakohoa kidogo. Linagoma tena. Na dereva ni mtu wa kwao bibi harusi, kwa hiyo kadiri nyumba inavyomwonea uchungu binti yao, ndivyo gari linavyozidi kugoma.

Mimi sikuambiwa kwamba ni desturi. Nilikuwa nyuma, nimeruhusiwa kusindikiza, nachungulia kwenye kitundu cha turubai. Nikaona dada amekaa kwenye kile kiti, kitenge kichwani, na mkono wa shangazi begani kwake. Baba akawasha. Gari likalia hii hii hii, likazima. Akawasha tena, likazima. Baba akashuka.

"Vipi mzee?" upande wa bwana harusi wakaita.

"Limekataa," baba akasema.

"Limekataa nini?"

"Limeuliza mnampeleka wapi mtoto wake."

Watu wakacheka, wakaleta vitenge. Likakataa. Wakaleta blanketi. Likawaka, likatembea kama urefu wa nyumba, likazima tena katikati ya mibuni, na safari hii baba alikaa muda mrefu kichwa chini ya boneti. Alipokitoa, macho yalikuwa mekundu. Bibi yetu akasema ni petroli imemrukia.

Mimi nikasadiki yote. Nikajua landrova inampenda dada. Nikajua ina akili, ina roho, na ile roho imemchagua yeye. Sikulia kwa sababu dada anaondoka. Nililia kwa sababu ya wivu, na watu wakanisifu kwamba nina upendo na ndugu yangu, wakanipa soda.

Baada ya hapo nikawa nalipima gari. Kule kwetu asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali, na landrova ilikuwa inagoma kweli. Siku za kwenda sokoni baba anawasha, anawasha, watu wamekaa nyuma wanatetemeka, mmoja anasema mzee leo tutauza ndizi zikiwa pombe, mwingine anashuka kutafuta wa kusaidia kusukuma. Mimi peke yangu nilikuwa natabasamu. Nilikuwa naweka kiganja kwenye bodi la chuma, lenye baridi ya kuuma, nasema kimoyomoyo: limejua nimo, halitaki niondoke. Likiwaka mara moja siku ya jua, nilikuwa nanuna mpaka sokoni. Mama akauliza kuna nini na huyu mtoto, gari bovu anafurahi, gari zima ananuna.

Nilipokua nikajua, kama tunavyojua yote. Nilijua kwamba baba ndiye aliyekuwa anachomoa waya mdogo chini ya boneti kwa vidole viwili, halafu anaurudisha. Lakini ukijua kwamba si gari ni baba, jambo halipungui, linaongezeka.

Kwa hiyo ilipofika siku yangu nilikuwa najua ninachokisubiri. Nimesoma mpaka darasa la saba tu na si mtu wa kutaka makubwa. Sikutaka ukumbi wala keki. Nilitaka kukaa mbele na landrova igome. Siku ilikuwa ya jua, mlima uko wazi mpaka ncha, mibuni imechanua na inanukia. Nilitolewa, nyimbo zinaimbwa, shangazi akakumbuka ameacha mkeka ndani, akarudi kuufuata. Mlango wa mbele niliuona pale, nikapanda, nikakaa. Kiti nilichokililia utoto wote. Nilishika ule mpini wa chuma uliokuwa mbele, umeng'arishwa na mikono ya wagonjwa wote wa kwetu. Baba akaja, akaingia upande wake, hakunitazama. Akawasha.

Likawaka mara moja.

Halikukohoa hata kidogo. Tulishuka mpaka barabarani kama tunapeleka ndizi, upande wa bwana harusi wanapiga makofi kwamba wamemaliza bila kutoa hata soda. Mume wangu mpaka leo anawaambia watu, mimi mke wangu nilipewa kirahisi. Anatania. Nacheka naye. Miaka yote hii nimekuwa nacheka naye, na nyumba yetu ya Sombetini imejengwa chumba kwa chumba nikiwa nacheka hivyo, na ndani nina swali moja ambalo sikuwahi kumuuliza baba. Dada alilifanya gari lizime mara tatu. Mimi je?

Leo niliuliza. Sikupanga. Ni lile koti. Tulikuwa tumeshafika kwenye lami, dada amekata simu, baba anatazama mashamba yanavyokimbia, akasema, "Gari hili halina hata kelele za kumsaidia mtu asisikie mawazo yake."

Nikasema kutoka nyuma, "Baba, landrova ilikuwa inagoma sana siku ya dada."

"Aa, sana!" akasema. Akacheka, kifua kikamkatisha. "Wale watu walileta mpaka blanketi. Lile blanketi ninalo."

"Na siku yangu halikugoma."

Dada akanitazama kwenye kioo kidogo, macho yake yakaniambia acha, mzee anaumwa. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mtu akishaanza kuteremka kwenye utelezi hafungi breki.

"Kwa nini, baba?"

"Lingegomaje?" akasema. Hakugeuka, mkanda ulikuwa umemshika. "Wewe ulikuwa umeshapanda."

"Si bibi harusi hupanda, baba?"

"Hupandishwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari na kitambaa mkononi, nimefuta mlango ule mara mbili, namsubiri shangazi yako akulete nikufungulie. Nageuka, umefungua mwenyewe. Umekaa. Umenyoosha na gauni. Unacheka." Akavuta pumzi. "Nikasema moyoni, kumbe huyu mtoto amechoka na nyumba yangu. Sasa niligomeshe gari nimzuie nani? Mtu anayeondoka mbio humzuii. Unampisha."

Kwenye ile V8 hakuna sauti. Ningekuwa kwenye landrova ningesema ni upepo, ni bodi, ni turubai, sikusikia vizuri. Nilisikia kila neno.

"Baba, mimi sikuwa na haraka ya kuondoka," nikasema. "Nilikuwa nakitaka kiti."

"Kiti?"

"Kiti cha mbele. Hukuwahi kunikalisha mbele."

Aliyepasuka ni dada. Alicheka mpaka akapunguza mwendo.

"Kile kiti? Mama Upendo, kile kiti ulikuwa unakionea wivu? Kilikuwa na springi imetoboa ngozi! Nilikaa upande mmoja mpaka kanisani! Gauni lilichanika hapa, shangazi akalishona na pini nimesimama nyuma ya kanisa. Mimi machozi yale yote mnayosema Elineema alilia, nusu yalikuwa ya springi!"

"Mgonjwa wa maji alikuwa anakikalia na mto," baba akasema polepole. "Mto wa kwake. Ile springi niliing'oa baada ya harusi ya Elineema. Mimi nilidhani nyie watoto mnajua. Nyuma ndiko kulikokuwa kuzuri, mnaimba."

Sasa nijaribu kuwa wa haki hapa, maana ni rahisi kuandika kwamba baada ya hapo moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Nilifurahi kujua kwamba baba aliufuta ule mlango mara mbili. Nilifurahi sana, nikaugeuza ule mlango kichwani upande huu na upande ule. Halafu wivu ukarudi kupitia dirisha jingine. Nikamwonea wivu yule binti mwingine ambaye angengoja kidogo tu, shangazi akarudi na mkeka, akapandishwa kama watu, na baba yake akainama chini ya boneti. Huyo binti hayupo, sikumwacha awepo, na bado namwonea wivu. Nikamwonea na baba uchungu, kwamba amelibeba hili muda wote ule, kila nikija kumsalimia na sukari na sabuni, shikamoo baba, marahaba mwanangu, na ndani anaye yule mtoto anayecheka kwenye kiti. Wote wawili tulikuwa tumenuna juu ya jambo moja na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemwacha.

Wala sitaki kusema gari la zamani lilikuwa na upendo na la leo halina. Watu wa rika langu tunapenda kusema hivyo. Tunasema zile landrova zilikuwa gari, haya ni masanduku ya vioo. Lakini landrova ilikuwa chuma, iliwaka na kuzima kwa waya, na mikono ilikuwa ya baba. Ninachoweza kusema ni kwamba gari linaloweza kugoma lilimpa mtu mzima, mwanamume asiyejua kusema nakupenda, mahali pa kuingiza kichwa chake kwa muda. Hili la dada ukiingiza kichwa chini ya boneti unakuta limefunikwa plastiki nyeusi lote, hakuna hata waya mmoja wa kukusaidia. Wajukuu wa baba wakiolewa sijui watazuiwa na nini. Labda watakuwa na njia yao. Labda hawatahitaji.

Tulifika mjini mvua imekatika. Kwangu Sombetini ndiko karibu zaidi, kwa hiyo dada alikata kushoto anishushe kwanza, halafu waendelee Elerai. Ndivyo tulivyokuwa tumepanga asubuhi. Nami kawaida yangu, wote wanaijua, gari likiwa bado halijasimama mkono wangu uko mlangoni. Nashukaga mbio. Sipendi kuchelewesha watu, wala sipendi kuonekana nasubiri kukaribishwa.

Gari likasimama mbele ya geti letu la bati. Bodaboda wa pale kona wakageuka kuangalia V8 imemleta nani. Mkono wangu ulikuwa juu ya koti la baba. Nikauacha pale.

"Mama Upendo," dada akasema. "Si umefika?"

"Nimefika."

"Haya."

Nikakaa. Dada akasubiri. Akanitazama kwenye kioo, akalitazama geti, akanitazama tena. "Kuna kitu umesahau?"

Sikujua hata ninasubiri nini hasa, na nilijisikia kama mtu aliyekaa kwenye kiti kisicho chake. Nilisikia baba anahangaika na ule mkanda, akashindwa kugeuka, akanyoosha mkono wake nyuma, katikati ya viti, akapapasa mpaka akakuta goti langu. Akaliwekea kiganja.

"Endesha, Elineema," akasema. "Leo huyu hana haraka."

Dada akaguna, akasema basi mpigie mumeo asije akatangaza umepotea, na akageuza gari.

Kwa hiyo usiku huu tumekula Elerai. Dada alikuwa ameandaa wali na kuku, lakini baba alitaka ndizi, basi tukakata kutoka kwenye mkungu tuliokuja nao, ule ambao dada aliutandikia mifuko ya plastiki kama mtoto mchanga ili utomvu usiguse gari, na mimi nikazimenya na kuzipika na nyama na nyanya kidogo kama alivyokuwa anapika mama, na mtindi pembeni. Dada ndiye aliyepakua. Baba alipewa bakuli la kwanza, shemeji la pili, mimi la mwisho. Nyama zilikuwa sawa kwa wote. Nilichungulia kila bakuli.